Kichanjani, si mchangani: uchambuzi wa insha moja ya kushawishi na rasimu zake tatu

Kazi yenyewe ilikuwa hii: mwanachuo wa ualimu mkoani Kigoma achague jambo la mahali anapoishi, aandike insha ya kushawishi isiyozidi maneno 900, aipitie upya mara mbili, kisha aambatanishe ukurasa mmoja wa tafakuri unaoeleza alibadilisha nini na kwa nini. Mwanachuo wa kisa hiki ni wa kutungwa, na insha yake imeunganishwa kutokana na makosa yanayojirudia darasani. Mialo (sehemu za ufukweni ambako mitumbwi hushusha samaki), dagaa na kalenda ya uvuvi ni vya kweli.

Alichagua kuwashawishi waanikaji wa dagaa waache kuanika mchangani na watumie vichanja, yaani majukwaa ya miti na wavu yaliyoinuliwa juu ya ardhi. Ni mada nzuri kuliko nyingi zinazoletwa. Ina pande mbili za kweli, inagusa fedha za watu, na mwandishi anaweza kushuka mwaloni asubuhi akauliza. Mada kama "umuhimu wa elimu" haina mpinzani, na insha isiyo na mpinzani haina wa kumshawishi. Tena vichanja vipo tayari katika baadhi ya mialo ya Ziwa Tanganyika, kwa hiyo swali halikuwa kama vinafaa kitu. Swali lilikuwa kwa nini mwanikaji wa mwalo mdogo, anayevijua fika, bado anamwaga dagaa wake chini.

Rasimu ya kwanza haikuliona swali hilo kabisa.

Rasimu ya kwanza

Ilikuwa na maneno 640 katika aya tisa, na ilianza hivi:

"Kigoma ni mji wa kihistoria uliopo magharibi mwa Tanzania. Mwaka 1871 Stanley alikutana na Livingstone hapa Ujiji, na mwaka 1914 Reli ya Kati ilifika Kigoma. Mji huu pia unasifika kwa dagaa. Hata hivyo, wanawake wengi wa mialoni bado hawajui usafi, kwani wanaanika dagaa chini kwenye mchanga."

Tarehe zote mbili ni sahihi, na zote mbili hazina kazi. Ukizifuta, hakuna sentensi hata moja mbele itakayotetereka. Wanafunzi hufungua hivi kwa sababu wamezoea kwamba utangulizi ni mahali pa kueleza maana ya mada na historia yake, kwa hiyo wanajaza nafasi kabla ya kuanza kufikiri. Reli ingeweza kupata kazi kama insha ingesema kuwa dagaa wa Kigoma huuzwa mbali na ziwa, na kwamba mnunuzi wa mbali hawaoni wakianikwa bali huuhisi mchanga mdomoni. Hapo mwaka 1914 usingekuwa pambo. Lakini rasimu haikwenda huko.

Kosa kubwa zaidi limejificha katika sentensi ya nne. "Hawajui usafi" ni tusi kwa mtu yule yule ambaye insha inataka abadilike. Mwanikaji aliyeamka saa kumi alfajiri, akachukua dagaa kwa mali kauli (kwa mkopo wa kulipa akishauza), akawamwaga na kuwageuza juani hadi mchana, hatasoma sentensi ya tano. Mwandishi hakukusudia kumtukana. Alikuwa anamwandikia mwalimu wake, na akilini mwake mwanikaji hakuwa msomaji bali mfano.

Kiini cha insha kilikuwa na hoja sita: usafi, afya, bei, utalii, mazingira na heshima ya mkoa. Kila aya ilianza na "Pia", "Vilevile", "Aidha" au "Sambamba na hilo". Kipimo chake ni rahisi, nacho tunakipendekeza kwa darasa lolote: kata aya kwa mkasi, zichanganye mezani, mpe mwenzako azipange. Akizipanga tofauti na insha isidhurike, una orodha ya hoja, huna mjengo wa hoja. Hapa aya ya utalii ilikaa vizuri popote pale, maana haikutegemea chochote kilichotangulia na hakuna kilichoitegemea.

Ushahidi ulikuwa "tafiti zinaonyesha" mara tatu na "wataalamu wanasema" mara mbili. Utafiti upi, wa nani, wa lini, hakuna. Kisha hitimisho:

"Hivyo basi, serikali, wadau na jamii kwa ujumla tunapaswa kuhakikisha kwamba uanikaji wa dagaa mchangani unakomeshwa mara moja."

Wahusika watatu, na hakuna hata mmoja anayeweza kushikwa mkono na kuambiwa "ni wewe". "Kuhakikisha" ni kitenzi kisicho na kazi ya mikono. Na "mara moja" ni muda usiowezekana: insha iliandikwa Mei, na kwa mfano mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Katika miezi hiyo mwanikaji hana dagaa wabichi wa kuanika popote, mchangani wala kichanjani, na hana fedha ya kununulia nguzo. Mwandishi anaishi kilomita chache tu kutoka ziwani na kalenda hiyo anaijua. Haikumjia kwa sababu hakuwa anaongea na mtu.

Mwanzo wa marekebisho: nani anasoma?

Wanafunzi wengi wakiambiwa "pitia upya" huchukua kalamu nyekundu na kuwinda tahajia. Huyu naye alianza hivyo, akatumia jioni nzima kusahihisha aya ya utalii ambayo baadaye aliifuta yote. Utaratibu unaookoa muda ni wa kushuka kutoka juu: msomaji na dai, kisha mpangilio, kisha ushahidi na pingamizi, kisha sentensi, na tahajia mwisho kabisa.

Mwalimu alimrudishia rasimu bila kusahihisha hata neno moja. Aliandika swali moja juu: "Ukiwa na nakala moja tu ya insha hii, utamkabidhi nani mkononi?" Swali hilo lina nguvu kuliko "hadhira yako ni nani", kwa sababu linakataa jibu la "jamii".

Watu watano wangeweza kupokea nakala hiyo. Afisa uvuvi anaweza kutoa elimu na kusimamia sheria. Kamati ya BMU, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia mwalo, inaweza kutenga eneo la vichanja na kuweka utaratibu wa nani anatumia wapi. Mwenye mtumbwi ana nyavu chakavu zinazolala bure. Mfanyabiashara wa jumla anaweza kulipa bei mbili, moja ya dagaa safi na nyingine ya dagaa wenye mchanga. Mwanikaji ndiye anayeamua kila asubuhi pa kumwaga. Kila mmoja anahitaji insha yake, maana kila mmoja ana uwezo tofauti na hofu tofauti. Insha inayowaandikia wote watano humwomba kila mmoja afanye kazi ya mwenzake.

Alimchagua mwanikaji anayeuza kwa wafanyabiashara wa mbali. Kisha akashuka kwenye mwalo mmoja mdogo kusini mwa mji na maswali manne: unanunuaje dagaa wabichi, wakikauka unamuuzia nani, siku gani unapata hasara, na ni nini kinakuzuia kuweka kichanja? Swali la nne ndilo lililoivunja rasimu ya kwanza. Waliojibu hawakusema kwamba hawajui faida. Walitaja nafasi, wavu, wizi wa nguzo usiku, na kwamba mchanga wa saa saba mchana unakausha vizuri tu.

Dai likabadilika. Mwanzoni lilikuwa: "Uanikaji wa dagaa mchangani ukomeshwe." Baada ya mwaloni likawa: "Mwanikaji anayeuza kwa wafanyabiashara wa mbali aanze na kichanja kimoja cha nyavu chakavu kabla ya msimu wa mvua, na dagaa wa kichanjani awauze kando na wale wa mchangani."

Kila kipande cha dai jipya kina sababu. "Anayeuza kwa wafanyabiashara wa mbali", kwa kuwa anayeuza sokoni hapa hapa huenda asipate bei ya ziada. "Kimoja", kwa kuwa mtu mwenye deni hajaribu kwa mtaji wote. "Nyavu chakavu", kwa kuwa wavu mpya ni gharama, na wavu wa matundu makubwa hupitisha dagaa chini. "Kabla ya msimu wa mvua", kwa kuwa mvua za Kigoma huanza kwa kawaida kati ya Oktoba na Novemba, na kati ya Agosti na hapo kuna wiki za jua na dagaa kwa pamoja. "Awauze kando", kwa kuwa ukichanganya dagaa safi na wenye mchanga katika gunia moja, gunia zima linauzwa kwa bei ya chini.

Dai limepungua ukubwa na limeongezeka nguvu. Wanafunzi huogopa kupunguza dai, wakidhani insha ya kushawishi lazima ipige kelele. Ukweli ni kwamba "wote waache" hubomolewa na mfano mmoja tu wa mtu anayenufaika na mchanga, ilhali "huyu aanze na kimoja" halibomolewi na mfano huo.

Pingamizi

Rasimu ya pili ilikuwa na sentensi hii: "Wapo wanaosema mchanga hukausha haraka, lakini hao wamepitwa na wakati." Kwa hesabu ya mwongozo wa kusahihisha, pingamizi limetajwa na limejibiwa. Kwa hesabu ya msomaji, limetukanwa. Tena halijajibiwa, maana kupitwa na wakati si sababu ya mchanga kukausha au kutokausha.

Pingamizi hili linastahili heshima kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Mchanga mkavu wa adhuhuri una joto kali na humpa samaki joto kutoka chini. Kasoro yake ni nyingine: upande wa chini hauna hewa, unyevu unaotoka hubaki kati ya samaki na mchanga, na ngozi ingali mbichi hushika chembe ambazo baadaye hazitoki kwa kupepeta. Ukiosha, umelowesha upya. Kwenye kichanja cha kimo cha mita moja hivi, upepo hupita juu na chini. Siku ya jua kali tofauti ya muda inaweza kuwa ndogo. Siku ya mawingu ndipo mchanga unapopoa na kushindwa, na kichanja huendelea kufanya kazi kwa upepo. Mvua ikikatiza, dagaa wa kichanjani hufunikwa turubai mahali walipo, ilhali wa mchangani hukusanywa mbio mbio pamoja na mchanga wao, au huachwa.

Rasimu ya tatu ikaandika hivi:

"Saa saba mchana, jua likiwa kali, mchanga wetu unakausha, na hakuna anayeweza kukuambia vinginevyo. Lakini si kila siku ni ya jua kali. Hesabu siku za mawingu za mwezi uliopita, kisha hesabu ndoo ulizouza kwa bei ya kutupa siku hizo. Kichanja ni kwa ajili ya ndoo hizo."

Aya hii inakubali kwanza, kwa maneno ambayo mwanikaji mwenyewe angeyasema, kisha inahamisha swali kutoka "kipi kinakausha haraka" kwenda "siku gani unapoteza". Hapo ndipo kushawishi kunapofanyika. Angalia pia kwamba haina "lazima" wala "tunapaswa". Inamwomba msomaji ahesabu mwenyewe, na hesabu aliyoipata mwenyewe hataibishia.

Pingamizi la wizi wa nguzo lilijibiwa kwa sentensi moja, kuiomba kamati ya BMU itenge eneo moja la vichanja ili mlinzi mmoja awatoshe wote. Halikuhitaji zaidi. La nafasi lilibaki bila jibu kamili, na mwandishi alifanya vyema kusema wazi kwamba mwalo wenye ufukwe mwembamba hautaweza kuwapa wote.

Kosa la hesabu lililokaribia kuizamisha insha

Hapa pana jambo ambalo walimu wa lugha hulipita haraka, wakidhani si lao. Rasimu ya pili ilikuwa na aya ya gharama. Tarakimu zifuatazo ni za kuonyeshea tu. Kichanja kinagharimu shilingi 90,000. Kilo ya dagaa safi inaongeza shilingi 1,500 juu ya bei ya wenye mchanga. Gawanya, unapata 60. Mwandishi akaandika: "Kwa kununua kilo 60 tu mwaloni, mwanikaji atakuwa amerudisha gharama."

Bei ya ziada ni ya kilo kavu, na zinazonunuliwa alfajiri ni kilo mbichi. Takriban robo tatu ya uzito wa samaki mbichi ni maji, kwa hiyo kilo nne mbichi huacha karibu kilo moja kavu. Kilo 60 kavu zinadai kama kilo 240 mbichi. Insha ilikuwa inaahidi faida mara nne haraka kuliko itakavyokuja.

Mwalimu asiyewahi kuanika asingeligundua. Mwanikaji angeligundua papo hapo, na akishagundua kwamba mwandishi hajui dagaa wanapungua uzito, hatamwamini tena hata kwa yale aliyopatia. Ndiyo sababu rasimu ya insha ya namna hii isomwe na mtu mmoja wa kazi yenyewe kabla ya kukabidhiwa. Huyo asiulizwe kama insha ni nzuri, maana atakujibu kwa adabu kwamba ni nzuri. Aulizwe: wapi hapa si kweli?

Dosari ya pili ilikuwa ya vifaa. Rasimu ilisema "nguzo nne na wavu". Kichanja kirefu chenye nguzo nne tu hulegea, dagaa hukusanyika kwenye bonde la katikati, na waliolaliana hawakauki. Panahitajika miti ya kukatisha chini ya wavu, na upana usiozidi mita moja na nusu ili mkono ufike katikati wakati wa kugeuza. Sentensi moja iliongezwa, ikatosha.

Mpangilio na sentensi

Kabla ya rasimu ya tatu, mwandishi aliandika kwenye ukingo wa kila aya mambo mawili: inasema nini, na inamfanyia nini msomaji. Aya ya mazingira ilisema "uchafu hupungua ufukweni", na nafasi ya pili ikabaki tupu. Ikafutwa. Ya utalii na ya heshima ya mkoa zikaifuata. Hoja ya afya ilibaki, ikaingizwa ndani ya bei, kwa kuwa mnunuzi wa mbali hulipia usafi anaouamini.

Mpangilio wa mwisho ulikuwa na aya saba na maneno 810: asubuhi ya mwanikaji na deni lake, siku za mawingu, mchanga na ubora wake, kichanja na jinsi kinavyofanya kazi, gharama, wizi na nafasi, na hatua ya kwanza baada ya 15 Agosti. Ukizikata kwa mkasi, aya ya gharama haiwezi kutangulia ya kichanja, wala ya kichanja haiwezi kutangulia ya mchanga.

Kwenye sentensi kulikuwa na kazi ndogo. "Inapaswa ifanyike" ziligeuzwa kuwa na mtendaji. Methali mbili zilizopachikwa mwishoni mwa aya ziliondolewa, si kwa sababu methali ni mbaya bali kwa sababu zilirudia kilichokwisha kusemwa. "Aidha" zilibaki sifuri. Kisha mwenzake aliisoma kwa sauti, na alipokwama mara mbili kwenye sentensi ya maneno 41, ikakatwa.

Tafakuri

Tafakuri ya kwanza aliyoleta ilikuwa hii: "Nimejifunza kwamba uandishi ni mchakato. Nilirekebisha makosa ya tahajia, nikaongeza mifano na kuboresha hitimisho. Sasa insha yangu inavutia zaidi." Inaweza kuambatanishwa na insha yoyote duniani, na hilo ndilo tatizo lake. Alirudishiwa na sharti moja: kila dai la tafakuri libebe sentensi ya zamani, sentensi mpya, na sababu inayomhusu msomaji.

Ya pili ilikuwa na kipande hiki: "Niliondoa 'wamepitwa na wakati' nikaweka 'mchanga wetu unakausha'. Nilibadilisha kwa sababu wa kwanza niliyemsomea alikunja uso kabla sijafika kwenye hoja. Neno 'wetu' nililiongeza mwishoni kabisa, na sina hakika kama nina haki nalo, maana mimi sianiki."

Hiyo ndiyo tafakuri. Shaka ya sentensi ya mwisho ni yenye thamani kuliko majigambo yoyote, kwa kuwa inaonyesha mwandishi anayeijua nafasi yake mbele ya msomaji. Tunashauri tafakuri ipewe angalau alama 10 kati ya 30. Ikipewa alama mbili, wanafunzi wataiandika usiku wa kukabidhi.

Rasimu ya tatu bado ina pengo moja. Bei zote zilikusanywa katika wiki moja ya mbalamwezi, wakati uvuvi wa usiku wa kuvuta dagaa kwa taa unapozorota, dagaa wanaadimika na bei inapanda. Tofauti kati ya dagaa safi na wenye mchanga huenda ikawa nyingine wakati wa giza, usiku usipokuwa na mwezi, mialo inapojaa dagaa. Mwandishi arudi wiki ya giza, awaulize watu wale wale kwa kipimo kile kile, iwe kilo au ndoo, asichanganye. Hadi hapo, sentensi ya bei ibebe tarehe yake na maneno "wiki ya mbalamwezi", na hesabu ya kilo za kurudisha gharama iandikwe kuwa ni makisio.